Jivu la Mkwe

1

Jani la mpunga lililokula jivu hukwaruza kidole. Lisilokula huteleza, laini kama sikio la mtoto mchanga. Atuganile alifundishwa hilo siku yake ya kwanza kazini, kabla hajaonyeshwa mtambo wowote. Siku hizi Mamlaka ya Bonde ilikuwa imempa vipimo vya maji na nzi wa chuma wa kupiga picha, lakini asubuhi yake bado ilianzia kwenye kidole gumba. Aliingia jaruba, akashika jani la juu, akalivuta kutoka ncha kwenda shinani.

"Linasemaje?" aliuliza Nsajigwa, jirani yake. Alikuwa amesimama upande wa pili wa mfereji, suruali imekunjwa hadi magotini, mswaki mdomoni.

"Linateleza."

"Basi liite. Wewe si ndiye mwita mpunga wa bonde zima? Mimi ningepewa cheo hicho ningeita hata nikiwa nimelala."

"Ndiyo maana hukupewa, kaka Nsajigwa."

Alicheka, akatema povu kwenye majani. Lakini hakuondoka, na Atuganile akajua kuna jambo.

Kuita halikuwa jambo la mzaha. Mpunga wa Kyela, tangu mwisho wa Miaka ya Jicho, ulikuwa umefungwa mdomo. Katika miaka ile kuvu moja ilizizoea dawa zote za kupulizia, moja baada ya nyingine, mpaka wakulima wakawa wanapuliza maji ya bei ghali. Ilitua juu ya jani kama vumbi, ikajikandamiza, ikatoboa, na muda si mrefu jani likajaa madoa yenye umbo la jicho, kijivu katikati na kahawia pembeni. Kilichookoa bonde hakikutoka kwenye chupa ya sumu. Kilitoka kwenye chakula cha mmea. Potasi iliyokaza shina na kuuzuia utomvu mtamu usivuje. Kalisi iliyoshikanisha kuta za seli. Manganizi, chembe tu, iliyosaidia kuta hizo kukomaa na kuwa ngumu kama mti. Na zaidi ya yote silika, ile iliyomo kwenye jivu la pumba, ambayo mpunga huinywa ikiwa imeyeyuka, kisha huitandaza chini ya ngozi ya jani ikawa kioo. Kuvu ikitua juu ya kioo husukuma mpaka ikachoka.

Shida ilikuwa pumba. Karibu pumba zote za bonde zilipakiwa kwenda viwanda vya vioo vya kuvunia jua, na maji ya jivu yakawa haba. Wataalamu wakaona kwamba mpunga unaokunywa kutwa utayamaliza kabla kuvu haijafika. Wakautia kufuli kwenye mizizi. Jaruba lingeweza kufurika maji ya jivu na mpunga usinywe hata tone, mpaka unuse wito, dawa isiyo na rangi iliyotiwa mferejini kutoka kituo cha Atuganile. Ukiunusa, mizizi hufunguka, na baada ya siku mbili jani hukwaruza.

"Na hili je?" Nsajigwa aliingiza mkono mfukoni, akatoa jani lililokunjwa. Hakuwa anacheka tena. "Hili nalo linasemaje?"

Atuganile alilikunjua kwenye kiganja. Macho matatu ya kijivu yalimtazama.

"Umelitoa wapi?"

"Kwangu. Upande ule." Alinyoosha mswaki kuelekea kwenye mpunga mrefu uliokuwa kati ya shamba lake na mikakao ya kina Mwakasungula. "Upepo wa mlimani unapita kule kwanza, ndipo unakuja kwangu. Nisamehe, Mama Lugano. Najua ni kwa nani."

Ni kwa baba mkwe wake.

2

Katika ukoo wa Mwakasungula mkamwana hamsemeshi baba mkwe. Hatamki jina lake. Akimwona anakuja, huacha njia na kusimama kando uso ukiwa umegeuka, na yeye mzee hupita akitazama kwingine. Shamba lake mkamwana hakanyagi. Koo nyingi zilikwisha kuacha mambo hayo, na watu wa Mamlaka walipoyasikia walitabasamu kwa adabu. Atuganile mwenyewe, aliyeolewa akiwa na stashahada ya udongo na ulimi mkali, alidhani angechoka mapema. Hakuchoka. Alikuja kuona kwamba kuna namna ya kupendwa ambayo haimkodolei mtu macho.

Mashamba yao yalipakana, tuta moja katikati. Hata ukanda wa jaruba lake uliogusa tuta hilo hakuupalilia, maana kupalilia pale ni kuinama ukimpa mkwe mgongo. Kazi hiyo ilikuwa ya mama mkwe, Sekela, na mama mkwe alikuwa na magoti mabovu. "Magugu ya pale yana bahati," Sekela alipenda kusema. "Yamepata mlinzi anaitwa heshima."

Kwa hiyo mashamba yote ya bonde Atuganile aliyakagua kwa miguu na kidole, isipokuwa moja. Hilo alilirushia nzi wa chuma. Nzi alipita juu, akapiga picha, na picha zote zilikuwa kijani.

Sasa alisimama kwenye mikakao nyuma ya nyumba ya wakwe, jani la Nsajigwa mkononi, akamwita Sekela aliyekuwa anageuza mbegu za kakao juani.

"Mama, naomba uingie shambani badala yangu. Nishikie mashina matatu ya katikati, uyang'oe na mizizi yake."

"Kwani nzi wako amevunjika mbawa?"

"Anaona juu tu. Nataka kuona chini."

Sekela alimtazama, akaliona lile jani, akajifunga khanga upya. Alipotea ndani ya mpunga. Ulikuwa mpunga mrefu, wa zamani, unaonukia hata ukiwa mbichi. Watu waliuita mpunga wa mdomo wazi, kwa kuwa haukuwahi kutiwa kufuli. Ukiona silika unakunywa, usipoona unasubiri, hauhitaji kuitwa na mtu. Bonde zima lilikuwa limebaki na shamba hilo moja. Mbegu ya akiba ya mzee ilichipua ghalani mwaka uliopita, mafuriko yalipoingia hadi dirishani, na yote iliyosalimika ilikuwa imepandwa pale.

Atuganile alikuwa akiupigia hesabu mpunga ule kwa siri tangu alipoajiriwa. Siku moja mbegu yake ingesambazwa, pumba zingebaki nyumbani, na hakuna mtu katika bonde ambaye angehitaji kuiomba Mamlaka ruhusa ili mpunga wake unywe. Hata yeye mwenyewe asingehitajika tena, na alilitamani hilo kama wengine wanavyotamani kupandishwa cheo.

Sekela alirudi akihema. Mashina yalikuwa na macho kuanzia chini. Moja lilikuwa limeanza kutoa suke, na shingo ya suke ilikuwa nyeusi, imenyauka. Atuganile alivuta jani kwa kidole gumba.

Liliteleza.

"Hapana," alisema. "Huu unakunywa wenyewe. Una mgao wake wa jivu kila mwezi, kipimo cha langoni kinasoma kila kitu sawa. Haiwezekani uteleze."

Sekela alikaa juu ya mkeka, akanyoosha miguu. Alianza kuokota mbegu za kakao moja moja, kana kwamba zilikuwa zimepotea.

"Mama."

"Langoni maji yanaingia vizuri," Sekela alisema. "Mbele kidogo ya lango mzee ameziba kwa udongo na mgomba. Yanageuka, yanapita nyuma ya tuta, yanakwenda kwako."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipotoka hospitali. Ulirudi umekonda, mkamwana wangu, hata khanga ilikuwa inakuvaa wewe. Mzee angefanyaje? Hawezi kuja kukupa pole. Hawezi kukuuliza umekula nini. Akaniambia, yule mtoto shamba lake lisiugue mwaka huu, ana magonjwa ya kutosha mwilini. Akachukua jembe. Nikanyamaza. Niliona ni jambo zuri."

Atuganile aliyaweka mashina chini. Shamba lake yeye lilikuwa la mpunga wa kufuli. Maji yale yote, mwezi baada ya mwezi, yalikuwa yamepita katikati ya midomo iliyofungwa na kumwagikia mtoni. Mpunga wake haukunywa hata tone. Na ule mmoja uliojua kunywa ulikuwa umenyimwa.

Alitaka kumwambia Sekela hivyo. Akatazama magoti yake yaliyovimba, akaacha.

3

Kituo cha wito kilikuwa chumba cha matofali chenye tangi juu na mikono miwili ya chuma ukutani. Mkono wa kushoto ulipeleka maji ya jivu katika shamba la juu, la mzee. Wa kulia uliyapeleka katika mashamba yanayolizunguka, la Nsajigwa, la Atuganile na ya wengine walioshuka na mteremko hadi barabarani. Atuganile alipanda ngazi, akatumbukiza kijiti cha kupimia, akashuka.

Yalikuwa yanatosha mkono mmoja. Jivu jingine lisingepatikana kabla ya mavuno.

Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akajaribu kufikiri kama mtaalamu. Akiyapeleka kushoto, mpunga wa mdomo wazi ungeyanywa mara moja, bila wito. Majani yenye macho yasingepona, hakuna jani linalopona, lakini majani mapya na shingo za masuke ambayo hayajatoka zingetoka na kioo. Theluthi ya shamba ingebaki, pengine nusu. Mbegu ingebaki. Lakini kwa siku zote hizo shamba lingeendelea kupeperusha vumbi la kuvu juu ya majirani ambao majani yao bado ni laini, mpunga wao ukiwa karibu kabisa kutoa masuke. Shingo ikishikwa, suke hutoka jeupe, zuri kutazama, na ndani hamna punje.

Akiyapeleka kulia pamoja na wito, majirani wangejifunga ngao. Shamba la mzee lingekosa maji, likatwe, lichomwe. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni, na kanuni haikutaja mbegu ya aina ya pekee. Mamlaka haikuwahi kuuhesabu mpunga wa mdomo wazi, na kisichohesabiwa hakina kanuni ya kukitetea.

Mbegu ya kesho ya bonde zima, au sahani za mwaka huu za nyumba kumi na kitu. Aliligeuza swali hilo kila upande, na kila upande lilikuwa na uso wa mtu.

Nsajigwa alifika akiwa na mkewe na majirani wengine wawili. Hawakuingia. Walisimama mlangoni wakizuia mwanga.

"Tumekuja kusalimia tu," alisema.

"Karibuni."

"Ahsante. Wifi yako hapa alikuwa anasema maji ya jivu siku hizi yanajua njia ya kwenda kwa Mwakasungula hata gizani. Mimi nikamwambia aache maneno."

"Nilisema, na nitasema tena," mkewe alidakia. "Mwaka jana nilimpa mwanangu uji wa mihogo mpaka akauchukia uso wangu. Mama Lugano, wewe una mshahara. Sisi tuna mpunga. Mashamba yetu unaingia, unatuvutia majani, unatugombeza kwa sababu ya mbolea ya kukuzia, eti inalainisha mmea. Shamba la mkweo umewahi kuligombeza?"

"Sijawahi kuliingia."

"Basi ugonjwa ukaona pale pana nafasi."

Nsajigwa alimgusa mkewe begani, lakini hakumkanusha. Na Atuganile alijua ni kweli. Angekuwa ameingia mwezi uliopita, kidole chake kingejua mara moja. Maji yangekuwa bado nusu tangi, na mikono yote miwili ingevutwa. Ile heshima waliyopeana yeye na mzee, yeye kwa kutoingia, mzee kwa kutosema, ndiyo ilikuwa imeifungulia kuvu mlango na kuiwekea kiti.

Alisimama, akafungua kasha la wito, akamimina chupa nzima kwenye bomba la kulia. Kisha akavuta mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, maana ulikuwa na kutu. Maji yaligonga mabomba, yakanguruma, yakaenda.

Hakuna aliyeshangilia. Mke wa Nsajigwa aliondoka akifuta macho kwa pembe ya kitenge.

4

Sekela ndiye aliyepelekwa kwa mzee na habari. Alirudi kituoni akitembea polepole.

"Nimemwambia. Amesema sawa."

Atuganile alishusha pumzi, kisha akaizuia. Sawa ilikuwa neno dogo mno kwa jambo lile.

"Umemwambiaje, mama?"

"Nimemwambia maji yatapungua kidogo kwa sasa."

"Na kukatwa?"

"Nimemwambia huenda wakaja watu kutazama shamba."

"Na moto?"

Sekela alifunga na kufungua fundo la khanga yake. "Moto ningeutamkaje mbele ya mtu anayekunywa chai? Mimi ni mke wake, si karani wa mahakama. Nitamwambia taratibu. Leo kidogo, kesho kidogo."

"Kesho upepo utakuwa umegeuka mara ngapi?"

"Basi mtume Nsajigwa."

"Nsajigwa atalia kabla ya kufika." Atuganile alivua buti za kazi, akaziweka kando ya mlango. Hakujua kwa nini alizivua. Labda kwa sababu anakokwenda hajawahi kukanyaga. "Nitakwenda mwenyewe, mama."

"Huwezi."

"Nimevuta ule mkono mwenyewe. Siwezi kumpa mtu mwingine mdomo wa kulisema."

Sekela alimsogelea. Halafu alifanya jambo ambalo Atuganile hakulitegemea. Alivua khanga yake ya juu, akamfunika nayo kichwani, akaivuta mbele kama anavyofunikwa bibi harusi.

"Usimtazame," alisema. "Angalau hilo."

Mzee Mwakasungula alikuwa katikati ya shamba lake, mundu mkononi, akikata majani ya kuangalia hali ya mpunga. Alisikia mpunga ukichakarika, akajua si hatua za mkewe. Aligeuka upesi kuelekea nyumbani, mgongo wake ukabaki kwa anayekuja. Atuganile alisimama karibu naye, akageuka pia. Wakawa mgongo kwa mgongo, mzee akitazama nyumba na mikakao, Atuganile akitazama jaruba lake mwenyewe ng'ambo ya tuta.

"Baba, shikamoo."

Nyuma yake mpunga ulichakarika, mzee akijiweka sawa.

"Marahaba," alijibu mzee. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko alivyoifikiria miaka yote hiyo. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukuambia kitu ambacho mama hakukifikisha. Shamba hili lina Jicho. Liko kwenye mashina na kwenye shingo. Maji ya jivu yaliyobaki nimeyapeleka kwa majirani. Hapa hayaji. Linatakiwa likatwe leo lote na kuchomwa, kabla upepo wa jioni haujashuka mlimani."

"Umeyapeleka au utayapeleka?"

"Nimeyapeleka. Sikuja kuomba ruhusa, baba. Nimekuja usisikie kwa mtu mwingine."

Alisikia mundu ukigeuzwa mkononi, ubao wa mpini ukisuguana na ngozi kavu.

"Mbegu hii alipanda baba yangu," alisema mzee.

"Najua."

"Hujui. Unajua jina lake tu. Watu wa Mamlaka walipokuja na ya kufuli, walinikuta hapa. Wakaniambia, mzee, yako itakufa na wewe. Nikawaambia sawa, tutaongozana." Alikohoa. "Sasa imenitangulia."

Atuganile alivuta khanga mbele. Aliona ni bora aseme lote.

"Ningekuwa naingia humu kama ninavyoingia kwa wengine, ningeliona mapema. Nilirusha nzi. Nililiheshimu shamba lako mpaka likaugua."

"Na mimi nililiona doa la kwanza," alisema mzee. "Wiki ile ya mvua ya mawe. Nikajiambia nitamtuma mama yako. Halafu nikafikiri, mkamwana ataona namwita kazini kama kibarua. Nikanyamaza. Mama yako amekuambia habari ya maji?"

"Ameniambia."

"Hakutakiwa."

"Ameniambia, baba."

Upepo mdogo ulipita, na mpunga mrefu ukainama wote kwa pamoja, ukinukia. Atuganile aliliangalia jaruba lake kwa sababu hakuwa na pengine pa kuangalia. Hakuwahi kuliona kutoka upande huu. Lilikuwa la kijani kibichi, laini, la usawa mmoja, mpunga wa kufuli uliokuwa ndiyo kwanza unaonja jivu lake la kwanza. Isipokuwa hapa mbele, kwenye ukanda wa tuta usiopaliliwa. Pale palikuwa na kitu kirefu zaidi, cheusi kidogo kwa rangi, kimesimama wima bila kuyumba.

Alidhani ni magugu.

"Nataka kukuuliza jambo moja," alisema mzee nyuma yake, "kisha nikate. Lile jivu. Lilikufaa?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa tangu kwenye mikakao. Jibu lake lilikuwa fupi, na lilikuwa hapana. Jivu lilipita kwenye mizizi iliyofungwa likaenda mtoni, na wewe ukalinyima shamba la baba yako kwa ajili hiyo. Angeweza kudanganya. Mzee asingejua, na kesho angelala kwa amani. Lakini ametoka kumwambia kwamba amekuja asisikie kwa mtu mwingine, na uongo nao ni mtu mwingine.

"Baba," alianza, na macho yake yakarudi kwenye ukanda ule.

Magugu hayasimami hivyo. Magugu hayatoi suke.

"Subiri," alisema. "Nisubiri."

Alitembea mbele, khanga ikamwanguka mabegani. Alipanda tuta akipitisha mguu mmoja baada ya mwingine, akashuka upande wa pili, ndani ya ukanda ambao tangu aolewe hakuwahi kuuinamia. Mpunga wa zamani humwaga punje ukitikiswa. Punje zilikuwa zimevuka tuta kwa upepo, zikaota, na hakuna mkono uliozing'oa, maana mkono wake yeye haukuruhusiwa, na wa Sekela uliumwa magoti. Zilikuwa safu tatu, pengine nne mahali pengine, zimebanana na majani mengine. Mbegu ya kujaza debe isingefika. Ingetaka misimu mingi kuifanya shamba, na msimu wowote kati ya hiyo ungeweza kuiua.

Lakini ilikuwa imekaa kwenye njia ya maji yale. Mwezi baada ya mwezi, jivu la mzee lilipopita likienda bure, midomo hii ilikuwa wazi.

Alishika jani la juu, akalivuta kutoka ncha kwenda shinani, na likamkata. Alitazama damu ikijaa kwenye kidole gumba, tone moja zito, na hakulifuta. Alishika jingine. Likamkwaruza. Jingine. Hapakuwa na jicho hata moja, wala juu, wala chini, wala shingoni.

Nyuma yake mundu ulikuwa umeanza kazi. Mzee hakusubiri jibu. Alikuwa anakata kwa mikato mirefu, sawasawa, kama mtu anayevuna, na kila konzi aliilaza chini kwa uangalifu ingawa ilikuwa ya moto.

Atuganile alisimama pale pale, uso kwenye shamba lake, mgongo kwake.

"Baba," aliita kwa sauti. "Umeniuliza kama jivu lilinifaa. Sina jibu la kukupa ukiwa mbali. Vuka tuta uje ulishike mwenyewe."

Mundu ulinyamaza.

Kisha akasikia mpunga ukichakarika, na mguu wa mzee, wa polepole, ukipanda udongo wa tuta. Akasogea kando kumpisha, bila kugeuza uso.